Magunia ya Mboga kwa Ushirika

Kisumu Ndogo, Malindi, nyumba zimebanana; pa kulima hapana. Lakini familia tatu zaweza kushirikiana magunia ya mchicha na sukuma wiki. Mtindo huu ulienea Kibera tangu 2008, shirika la Solidarités lilipogawa miche.

Jaza gunia udongo na samadi iliyooza, katikati weka mawe yapitishe maji. Toboa ubavuni, panda. Pangeni zamu za kumwagilia na siku za kuchuma, msije mkagombana.

Mboga za majani husaidia kukinga upungufu wa damu, hasa kwa wajawazito na watoto. Zikamulie ndimu, mwili upate madini ya chuma vyema. Maji ya mtaroni msitumie kamwe: huweza kuleta kipindupindu.