Kijerumani Baada ya Zamu ya Usiku

Siku hizi muuguzi akitoka zamu ya usiku jijini Nairobi na daftari la Kijerumani mkobani, hamshangazi mtu. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa ajira na uhamiaji mjini Berlin, Septemba 2024, Rais William Ruto na Kansela wa wakati huo Olaf Scholz wakishuhudia, wanaotafuta madarasa ya lugha hiyo wameongezeka. Madai kwamba kuna nafasi 250,000 zinazowasubiri Wakenya yalikanushwa na serikali ya Ujerumani kabla wino haujakauka, lakini hamu haikupoa.

Wenye madarasa nao wanajua soko. Utasikia B2 kwa miezi sita! B2 ndicho kiwango ambacho kwa kawaida muuguzi mgeni hutakiwa kufikia ili taaluma yake itambuliwe huko. Goethe-Institut, taasisi ya utamaduni ya Ujerumani, inakadiria kwamba safari ya kufika hapo ni vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Asiye na kazi wala mtoto wa kulea, akisoma vipindi vitano kwa siku, siku tano kwa wiki, atavimaliza kwa miezi sita au minane. Mama wa watoto wawili anayefanya zamu na kuambulia kipindi kimoja tu kwa siku atahitaji karibu miaka miwili. Kwa hiyo ahadi ile ina ukweli wake, ila haikuandikwa kwa ajili yake. Mwenye darasa akimwambia vinginevyo, mama aulize karo hurejeshwa vipi.

Mama huyu anapokwama, husingizia umri: eti kichwa kimekuwa kigumu. Mwaka 2018 watafiti watatu wa Marekani, Steven Pinker akiwa mmojawapo, walichapisha uchunguzi wa watu takriban 670,000 waliojibu maswali ya sarufi ya Kiingereza mtandaoni. Waliona kwamba uwezo wa kunasa sarufi huanza kushuka mtu akiwa na miaka 17 hivi. Habari mbaya, ndiyo. Lakini watafiti hao hao hawakufuta uwezekano kwamba sababu si ubongo tu: huo ndio umri ambao watu humaliza shule, huingia kazini na kupata majukumu. Mimi naegemea upande huo. Mtoto wa miaka minane hana zamu.

Muda uliokatikakatika una dawa yake. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner alieleza mbinu ya kisanduku chenye vyumba kadhaa vya kadi. Neno ulilolipata linasonga chumba cha mbele, ambako utalikuta tena baada ya siku nyingi. Ulilolikosa linarudi chumba cha kwanza, ulione kesho. Programu nyingi za simu zinafuata wazo hilohilo. Dakika kumi ndani ya matatu iliyokwama kwenye jamu zinatosha raundi moja, mradi kila nomino iandikwe pamoja na kibainishi chake cha jinsia: der, die au das. Msemaji wa Kiswahili asiogope jambo hilo. Amekua na ngeli, na hakuna aliyemkalisha chini kumweleza kwa nini kiti ni hiki na meza ni hii.

Kinachomtoa muuguzi jasho ni namba. Mjerumani hutaja mamoja kabla ya makumi: 25 ni fünfundzwanzig, yaani tano kwanza, ishirini baadaye. Sasa fikiria wakati wa kukabidhiana zamu. Mwenzako anasoma presha ya mgonjwa haraka haraka, 153, nawe kalamu imeshaandika 135. Ukija kwenye saa, mambo yanazidi. Halb acht, ambayo neno kwa neno ni nusu nane, ni saa moja na nusu yetu. Aliyezoea saa za Kiswahili anapiga hesabu mbili kwa mpigo: arudi nyuma nusu saa, kisha atoe sita. Kadi hazifundishi kasi hiyo. Inafundishwa na sikio, na hapo zamu ya usiku inageuka kuwa na faida. Wodi ikitulia, wauguzi wawili wanaweza kusomeana vipimo vya kubuni kwa Kijerumani, mmoja akitaja, mwingine akiandika, kisha walinganishe karatasi.

Mtihani wenyewe nao unamhurumia mwenye shughuli kuliko wengi wanavyojua. Goethe B2 ina sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila moja inaweza kufanywa peke yake, na kufaulu ni alama 60 kati ya 100. Aliyechoka hana sababu ya kuzibeba zote siku moja.

Wengi huacha kuzungumza mwisho kwa hofu. Ningeshauri kuanza mazoezi yake mapema kuliko yote, kwa kuwa ndiyo sehemu isiyohitaji meza wala kitabu. Mtahiniwa hutoa maelezo mafupi ya mada, kisha hujadiliana na mwenzake huku kila mmoja akitetea maoni yake. Muuguzi ana mada tele za kubishania: kama jamaa za mgonjwa waruhusiwe kulala wodini, kama zamu ya saa kumi na mbili ni halali, nani alikunywa chai ya mwenzake. Hii ya mwisho haitatoka kwenye mtihani, lakini ndiyo itakayowafanya wabishane kwa Kijerumani bila kukumbuka kuogopa makosa.