Ua la Usambara: Jani Moja Latosha

Wanachama kadhaa, na zaidi wake zao, wametuuliza habari za ule mmea mdogo wa majani ya manyoya na maua ya zambarau ambao jamaa huja nao kutoka Tanga. Walalamika kwamba ukifika Pemba haumalizi mwezi. Basi tulipovuka kutoka Wete kwenda Tanga kwa shughuli zetu, tulipita Mabawa nyumbani kwa bibi mmoja ambaye barazani kwake uani mna makopo 14 ya ua hili, yote yamechanua. Mengi ya haya tuyaandikayo ni yake.

Wengi hudhani ua hili ni la Ulaya, kwa kuwa huko hupambwa madirishani. Sivyo, ni la Tanga. Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, alipata kulipeleka London katika miaka ya 1880, likiwa limekaushwa, lakini halikupata sifa. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wakati wa Wajerumani, aliliona katika nyufa za mawe ya chokaa, mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini Tanga, akampelekea baba yake mbegu Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen akaliita Saintpaulia. Huko Marekani wapenzi wake waliunda chama chao mwaka 1946, kama sisi wa karafuu. Ila karafuu ilitujia sisi kutoka ng'ambo, na wao ua limewatoka kwetu.

Sasa kulitunza. Ajuaye kitalu cha mikarafuu ameshajua nusu ya kazi. Mche wa karafuu huezekewa makuti, kisha huzoezwa jua kidogo kidogo. Ua hili halizoezwi kamwe. Kwao hukaa ubavuni mwa jiwe chini ya miti mikubwa, likipata mwanga bila ya jua kali. Baraza ya upande wa mashariki yafaa. Jua la asubuhi halidhuru. Ukiliweka gizani litaishi, lakini hutaona ua.

Kopo liwe dogo, nalo litobolewe chini. Udongo uwe wa majani yaliyooza, uchanganywe na mchanga wa mto na makaa kidogo yaliyopondwa. Mchanga wa pwani una chumvi, tuuache.

Maji ndiyo yanayoua. Bibi alituambia, "Wanangu, hili haliogeshwi, hunyweshwa." Tulicheka, maana sisi ndio waogeshaji! Manyoya ya majani hushika maji: yakiwa baridi huacha madoa, na yakituama katikati mmea huoza. Yeye huteka maji jioni, akayaacha mpaka asubuhi, kisha huyatia katika kisahani chini ya kopo. Baada ya nusu saa humwaga yaliyobaki. Hanyweshi tena mpaka atie kidole na kuona udongo wa juu umekauka. Mara nyingi mtu huuona mmea umelegea, akadhani una kiu, akazidisha maji, kumbe mizizi imekwisha kuoza. Hapana shaka hivyo ndivyo ilivyokufa mingi ya Pemba.

Wakati wa kaskazi joto hulisumbua. Bibi huyasogeza makopo karibu na mtungi wa maji, juu ya sinia ya kokoto zenye unyevu. Vidudu vyeupe kama pamba vikitokea, huvifuta kwa kitambaa.

Katika kuzidisha, ua hili lashinda karafuu. Mbegu ya karafuu isipopandwa mbichi haioti. Hapa huhitaji hata mbegu. Chukua jani zima, si changa wala si kuukuu, ulikate na kikonyo chake kama urefu wa kiungo kimoja cha kidole. Lichomeke upande katika mchanga wenye unyevu, ulifunike kwa bilauri, ulitie kivulini. Kwa wiki 3 au 4 litatoa mizizi, na baada ya miezi 2 au 3 vitoto vitachungulia chini yake. Vitenganishe vikiwa na majani manne hivi. Ua la kwanza aghalabu huja kabla ya mwaka kwisha.

Hapo ndipo tunapotaka kusema na wanachama wenye haraka. Tukiwa barazani, alipita kijana anauza miche yenye mizizi, imebanduliwa mawe na kuvu lake. Bibi hakununua, nasi hatukununua. Ua hili la porini limebaki mahali pachache. Mti wa juu ukikatwa, jua hupiga jiwe na mmea hufa. Na palipong'olewa mche mkubwa hapana wa kumwaga mbegu. Katika hifadhi ya msitu wa Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, si ruhusa kung'oa. Watu wa Ulaya na Marekani wamelijaza madirishani mwao. Itakuwa aibu likatoweka Tanga kwenyewe kwa sababu ya watu waliokuwa na haja ya jani tu.

Bibi alitupa majani 6, tukayafunga katika kitambaa kibichi hadi Wete. Moja limeoza, 5 yameshika. Mwanachama atakaye kitoto na aje ofisini na kopo lake, limekwisha kutobolewa.