Mshirika Akikugeuka Vitani, Nani Amevunja Mkataba?

Nateete, upande wa magharibi wa Kampala, vita vya Kongo havijawa historia. Katika nyumba za kupanga karibu na barabara ya Masaka wanaishi Wakongo waliokimbia Kivu na Ituri, jirani na familia ambazo vijana wao walivuka mpaka wakiwa na sare za jeshi la Uganda, UPDF. Mazungumzo yakigusa mwaka 1998, watu hugawanyika. Wako wanaomwita Laurent-Désiré Kabila msaliti: Uganda na Rwanda zilimsaidia kumng'oa Rais Mobutu, akaingia ikulu, kisha akazigeuka. Wako wanaojibu kwamba mwenye nyumba ana haki ya kumwambia mgeni aondoke, hata kama mgeni huyo ndiye aliyemsaidia kuijenga.

Kisheria jawabu lipo. Lilitolewa The Hague tarehe 19 Desemba 2005 na Mahakama ya Kimataifa ya Haki, baada ya Kongo kuishtaki Uganda mwaka 1999. Kila Mganda anastahili kulifahamu, kwa maana kodi yake imelilipia.

Kabila alishika madaraka Mei 1997. Mashariki mwa nchi hakuwa na jeshi la kuwadhibiti waasi wa ADF, waliokuwa wakiishambulia Uganda kutoka upande wa milima ya Rwenzori, basi akaikubalia UPDF iingie iwasake. Tarehe 27 Aprili 1998 serikali mbili hizo zikatia saini itifaki ya usalama wa mpaka wao. Ilisema majeshi yao yatashirikiana kulinda amani mpakani. Haikusema askari wa Uganda watakaa Kongo hadi lini, wala Kongo ikitaka waondoke ifuate utaratibu gani.

Miezi mitatu baadaye urafiki ulikufa. Mwishoni mwa Julai Kabila alitangaza kwamba askari wa Rwanda waondoke, na kwamba huo ndio mwisho wa majeshi yote ya kigeni nchini mwake. Tarehe 2 Agosti uasi ukalipuka mashariki, Rwanda ikiuunga mkono. Angola, Zimbabwe na Namibia zikaingia vitani upande wa Kabila. Kwa Uganda, kibaya zaidi kilikuwa ukaribu mpya wa Kabila na Sudan, nchi ambayo Kampala iliilaumu kwa kuwapa silaha waasi wake.

Je, huko hakukuwa kuvunja mkataba? Wengi huchanganya hapa mambo mawili, mkataba na ridhaa. Mkataba huwafunga wote waliotia saini. Mkataba wa Vienna wa 1969, unaotawala sheria ya mikataba, hauruhusu nchi ijitoe kienyeji. Hata pale haki ya kujitoa inapoeleweka bila kuandikwa, taarifa ya miezi 12 hutakiwa. Ridhaa ya kukaribisha jeshi la kigeni ni ruhusa tu, na aliyeitoa anaweza kuiondoa. Majaji waliona kuwa Kongo iliwaruhusu askari wa Uganda kabla itifaki haijaandikwa. Kwa hiyo itifaki haikuwa chanzo cha ruhusa hiyo, na Kongo ingeweza kuiondoa wakati wowote bila utaratibu maalumu. Tangazo la Julai lilikuwa na utata, maana liliitaja Rwanda kwa jina na si Uganda. Lakini tarehe 8 Agosti 1998, katika mkutano wa Victoria Falls, Kongo ilizishutumu nchi zote mbili kwa uvamizi. Mahakama ikasema kuwa kufikia siku hiyo ruhusa ilikuwa imekwisha.

Uganda ilikuwa na machungu ya kweli, na ni dhuluma kuyapuuza. Juni 1998 ADF walivamia chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakawachoma moto wanafunzi wakiwa hai. Ndiyo maana Uganda ilidai kwamba ilikuwa inajihami. Lakini haki ya kujihami dhidi ya nchi inahitaji ushahidi kwamba shambulio ni la nchi hiyo, na ushahidi wa kuihusisha serikali ya Kongo na unyama huo haukupatikana. Tena majaji waliongeza kwamba kuteka miji na viwanja vya ndege mamia ya kilomita kutoka mpakani hakulingani na kujihami. Naafikiana nao. Kisangani, mji ulio ndani kabisa ya Kongo, si Kichwamba.

Ulaya ina kesi inayofanana, na hukumu yangu juu yake ni tofauti. Italia ilikuwa imefungwa na mkataba wa muungano na Ujerumani na Austria-Hungaria. Tarehe 26 Aprili 1915 ilitia saini mkataba wa siri mjini London kuingia katika Vita Kuu ya Kwanza upande wa pili, na ndipo tarehe 4 Mei ikatangaza kujitoa katika ule wa zamani. Ilijitetea kwamba Austria ndiyo iliyoanza kuukiuka kwa kuishambulia Serbia bila kushauriana nayo. Hoja hiyo ina uzito, ila haifuti zile siku ambazo Italia ilikuwa na ahadi mbili zinazopingana. Kabila hakuahidi popote kuwa mshirika wa Uganda vitani.

Kongo nayo haikutoka mahakamani safi. Ilipatikana na hatia ya kuushambulia ubalozi wa Uganda mjini Kinshasa na kuwatesa wanadiplomasia wake. Kuachana na mshirika hakumpi mtu ruhusa ya kuwagusa mabalozi.

Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ilikata fidia. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Uganda ikaamriwa kulipa milioni 325: milioni 225 kwa vifo na madhara kwa watu, 40 kwa mali, na 60 kwa maliasili zilizoporwa. Malipo yaligawanywa katika mafungu matano ya milioni 65 kwa mwaka.

Tangu tarehe 30 Novemba 2021 UPDF imo tena Kongo katika Operesheni Shujaa, ikiwasaka ADF walewale kwa ridhaa ya Rais Félix Tshisekedi. Ridhaa hiyo ni halali, na inaweza kuondolewa kama ile ya kwanza. Wabunge wa Kampala na Kinshasa wadai iandikwe na itangazwe: askari wanaruhusiwa kufika wapi, hadi lini, na wakiambiwa waondoke wana siku ngapi za kuvuka mpaka kurudi nyumbani.