Ng'ombe wa Kondoa na Mapatano ya Uswidi: Funzo Juu ya Maendeleo ya Umma

Wananchi wengi wa nyanda za kati waliifahamu Uswidi kabla ya kuiona katika ramani. Waliifahamu kwa miche ya miti na matingatinga ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulioanza mwaka 1973 kwa fedha za Uswidi. Wengine waliifahamu kwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama kile cha Munguri huko Kondoa na cha Chisalu huko Mpwapwa. Vyuo hivyo vilianzishwa nchini kuanzia mwaka 1975 kwa kujifunza kutokana na vyuo vya wananchi vya Waswidi. Na wapo waliomfahamu Olof Palme, Waziri Mkuu wa Uswidi, rafiki wa Mwalimu Nyerere na wa wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika, aliyeuawa kwa risasi mjini Stockholm tarehe 28 Februari 1986.

Lakini kuijua nchi kwa misaada yake tu ni kuijua nusu. Mwanachama anayetaka kuelewa maendeleo hana budi kuuliza: hao wanaotusaidia, wao walisaidiwa na nani? Walitokaje katika umaskini? Na je, njia waliyopita wao ndiyo tuliyoifuata sisi tulipopokea fedha zao? Katika makala hii tutajaribu kuyajibu maswali hayo kwa kutazama mambo ya ng'ombe: ng'ombe wa Uswidi wa mwaka 1933, na ng'ombe wa Kondoa wa mwaka 1979.

HISTORIA YA WAFALME NA HISTORIA YA UMMA

Historia ya Uswidi, kama ilivyozoeleka kuandikwa, ni historia ya wafalme. Tunaambiwa juu ya Gustav Vasa, aliyeongoza uasi dhidi ya mfalme wa Denmark na kuchaguliwa kuwa mfalme mwaka 1523. Tunaambiwa juu ya Gustav II Adolf, aliyeuawa katika vita vya Lützen, Ujerumani, mwaka 1632, na juu ya Karl XII, ambaye jeshi lake lilivunjwa na Warusi huko Poltava mwaka 1709. Hatuambiwi sana juu ya mkulima aliyelipa kodi ya vita hivyo na kutoa watoto wake wakafie nchi za mbali.

Maisha ya mkulima huyo yalibadilishwa zaidi na sheria za ardhi kuliko na vita. Mwaka 1827 ilitolewa sheria ya kukusanya vipande vya mashamba vilivyotawanyika, ili kila mwenye ardhi apate shamba lake mahali pamoja. Ilitosha mmiliki mmoja tu kijijini aombe, na wengine wote wakalazimika. Vijiji vya kale vikavunjwa, nyumba zikahamishiwa mashambani, na watu waliokuwa majirani wakawa kila mmoja peke yake. Mavuno yaliongezeka, lakini wasio na ardhi hawakupata kitu, wakabaki vibarua. Wasomaji wa Dodoma watakumbuka kwamba Operesheni ya mwaka 1971 ilifanya kinyume chake, kwa kuwakusanya watu waliotawanyika na kuwaweka vijijini. Mwelekeo ulitofautiana, lakini swali ni moja: ni nani aliyeamua, na ni nani aliyeamuliwa?

Halafu ikaja njaa. Katika miaka ya 1867 na 1868 mazao yaliharibika Uswidi, na maskini wakala mkate uliochanganywa na magamba ya miti. Wazee wa Ugogo hawatashangaa kusikia hayo, kwa maana nchi yao ilipata Mtunya, njaa kubwa ya miaka ya 1918 hadi 1920. Ukame ulikuwa sababu mojawapo tu ya Mtunya. Majeshi ya mabeberu, Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye, yalikuwa yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ni wa mbinguni, lakini mara nyingi njaa inayofuata hutengenezwa na mpangilio wa jamii. Baada ya njaa yao Waswidi waliondoka kwa wingi. Kati ya miaka ya 1850 na 1920 zaidi ya milioni moja walihamia Marekani, na nchi nzima mwaka 1900 ilikuwa na watu wapatao milioni tano tu.

UMMA UNAJIPANGA

Waliobaki walijipanga. Katika uchaguzi wa mitaa ya vijijini wakati huo kura zilihesabiwa kwa mali na kodi, hata zikapatikana sehemu ambazo tajiri mmoja alikuwa na zaidi ya nusu ya kura zote. Katika hali hiyo mafundi, vibarua na wakulima wadogo waliunda vyama vya wafanyakazi, vya ushirika, vya kupiga vita ulevi na vya kujisomea. Mwaka 1881 fundi cherehani August Palm alitoa hotuba ya ujamaa mjini Malmö. Mwaka 1889 kikaundwa Chama cha Kidemokrasia cha Kijamii, na mwaka 1898 vyama vya wafanyakazi vikaungana katika shirikisho moja.

Njia haikuwa nyepesi. Mgomo mkuu wa mwaka 1909 ulishindwa, na vyama vya wafanyakazi vikapoteza wanachama wengi. Hata hivyo mwaka huohuo haki ya kura ilipanuliwa kwa wanaume, na mwaka 1921 wanawake walipiga kura ya bunge kwa mara ya kwanza. Hjalmar Branting aliunda serikali ya kwanza ya Chama hicho mwaka 1920. Tarehe 14 Mei 1931, katika bonde la Ådalen, askari wa jeshi waliufyatulia risasi mwandamano wa wafanyakazi, watu watano wakafa. Umma haukusahau. Mwaka uliofuata Chama hicho kilishinda uchaguzi, na Per Albin Hansson akawa Waziri Mkuu.

MAPATANO YA MWAKA 1933

Ushindi wa uchaguzi ulikuwa mwanzo wa matatizo. Hansson hakuwa na wingi wa wabunge. Watu zaidi ya 150,000 hawakuwa na kazi. Wafanyakazi wa mijini walitaka kazi za umma zenye ujira kamili, na walitaka chakula rahisi. Wakulima nao walikuwa wakifilisika kwa sababu bei ya maziwa na siagi ilikuwa imeanguka, na walihofu kwamba ujira mkubwa wa mjini ungewapokonya vibarua. Kwa juujuu, maslahi ya makundi hayo mawili yalipingana. Mabepari walitegemea yaendelee kupingana.

Mwezi wa Mei 1933 Chama cha Hansson na Chama cha Wakulima vilikaa vikapatana. Wakulima walikubali kuunga mkono kazi za umma kwa wasio na ajira. Wafanyakazi walikubali kulipa bei ya juu zaidi kwa mazao ya mkulima. Kila upande ulitoa kitu na kila upande ulipata kitu. Wapinzani waliyakejeli mapatano hayo kwa kuyaita kohandeln, yaani biashara ya ng'ombe. Sisi tunaona ni jina la heshima. Kila mfugaji anajua kwamba mnadani ng'ombe hatoki mkononi mwa mwenyewe mpaka bei imekubaliwa na pande zote mbili. Juu ya msingi huo wa umoja wa wakulima na wafanyakazi ndipo zilipojengwa baadaye pensheni, matibabu na elimu ambazo dunia inazisifu.

Hatusemi kwamba Uswidi ilijenga ujamaa. Viwanda vikubwa na mabenki vilibaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa watu binafsi. Wala hatusemi kwamba haikutenda dhuluma. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1934, na iliyoendelea hadi mwaka 1975, watu wapatao 63,000, wengi wao wanawake maskini, walifungwa uzazi, na wengi walifanyiwa hivyo kwa kushinikizwa. Serikali ileile iliyopatana na wakulima ndiyo iliyotenda hayo, kwa sababu wanawake hao hawakuwa na chama wala mjumbe katika mapatano. Asiyekuwepo na lake halipo.

KONDOA, MWAKA 1979

Sasa turudi nyumbani. Vilima vya Irangi katika Wilaya ya Kondoa vilikuwa vimeharibika vibaya. Makorongo ya kumeza nyumba yalikata mashamba, na mchanga ulifunika mabonde. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewashurutisha wananchi kuchimba matuta na makinga maji. Kwa kuwa kazi ile ilifungamana na shuruti ya mtawala, ilichukiwa, na uhuru ulipokaribia ikaachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Uppsala walipima mmomonyoko katika sehemu mbalimbali za nchi, pamoja na mabwawa ya Dodoma kama Ikowa na Matumbulu, wakaonyesha jinsi udongo wa malisho na mashamba ulivyokuwa ukiyajaza.

HADO ilianza kwa matingatinga, makinga maji na upandaji wa miti. Haukupita muda, ikaonekana kwamba kazi ya mwaka mzima iliharibiwa na kwato za msimu mmoja. Ndipo mwaka 1979 ilipoamriwa kwamba mifugo yote iondolewe katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,250. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda zaidi ya 80,000 waliondoka. Mwaka 1986 hatua kama hiyo ilichukuliwa Mvumi.

Ni lazima tuseme ukweli wote. Ardhi ilipona. Katika miaka michache majani na vichaka vilifunika vilima, makorongo yakaanza kutulia, na watu wakalima miwa, viazi na mahindi katika mabonde yaliyokuwa mchanga mtupu. Anayekana hayo anakana ushahidi wa macho.

Lakini ng'ombe si nyama tu. Ng'ombe alikuwa maziwa ya mtoto, samadi ya shamba, maksai wa kukokota plau, mahari ya kijana na akiba ya mwaka wa njaa. Vyote hivyo viliondoka naye. Mwenye ndugu katika nchi za chini alipeleka mifugo yake huko, na mzigo wa malisho ukahamia kwa majirani. Asiye na ndugu aliuza. Mama aliyelima kwa plau akarudi kwenye jembe la mkono. Mapatano ya kweli yangeanza kwa kuuliza: ukitoa ng'ombe, utapewa nini, lini na na nani? Swali hilo halikujibiwa kwanza. Lilianza kujibiwa baada ya miaka kumi, mwaka 1989, ulipoanzishwa ufugaji wa ndani. Mkulima aliruhusiwa kufuga ng'ombe chotara wa maziwa kwa masharti ya kumjengea banda na kumkatia majani. Hapo maziwa na samadi vilianza kurudi. Hata hivyo ng'ombe huyo ni wa gharama, na si kila kaya iliyotoa mifugo mwaka 1979 iliyoweza kumpata.

Msaada wa Uswidi kwa HADO ulikoma mwaka 1996. Ulinzi ulipolegea, wapo waliorudisha mifugo vilimani. Tusiwaite wahujumu kwa haraka. Katazo ambalo mtu hakushiriki kulitunga hulitii maadamu mlinzi yupo. Lakini yale ambayo mkulima aliyaona kuwa faida yake, kama kulima mabonde na kufuga ndani, aliendelea nayo bila kusukumwa na mtu.

FUNZO

Funzo la kwanza ni kwamba fedha za Waswidi zilitufikia, lakini historia yao haikutufikia pamoja nazo. Tulipokea matingatinga, hatukupokea mapatano ya mwaka 1933. Haiwezekani kuyapokea, maana mapatano hayaletwi kwa meli. Hufanywa na wenye nchi wenyewe, penye mikutano yao. Azimio la Arusha lilitufundisha mwaka 1967 kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na Kondoa imethibitisha.

Funzo la pili ni juu ya uongozi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, ulikataza majivuno, madharau na ukandamizaji wa viongozi. Kiongozi anaweza kuwa sahihi juu ya udongo na akakosea juu ya watu. Mtaalamu aliyeona kwamba vilima vya Irangi vinakufa alisema kweli. Mfugaji aliyeuliza mtoto wake atakunywa nini naye alisema kweli. Kazi ya Chama ni kuzikutanisha kweli hizo mbili kabla amri haijatolewa.

Leo nyanda za kati zinabanwa kuliko wakati wowote. Mji wa Dodoma unapanuka, mifugo na mashamba vinagombania ardhi ileile, na mvua haikuongezeka. Maamuzi mengine magumu yatakuja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka chombo: mpango wa matumizi ya ardhi, unaopitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ni wajibu wa kila tawi kuhakikisha kwamba mpango huo haupigwi muhuri tu, bali unajadiliwa, na kwamba mwenye ng'ombe wawili, mjane asiye na ng'ombe na kijana asiye na shamba wamo mkutanoni nao wanasema. Anayetakiwa kutoa ng'ombe wake kwa ajili ya wote ana haki ya kujua atapata nini kutoka kwa wote. Hilo likijibiwa mkutanoni, mbele ya watu, kilima kitapona na hakitahitaji mlinzi.