Je, Wajua? Mnunuzi wa Nyumba Huenda Tayari Analipa Kodi

Je, wajua kwamba mtaa wa Marekani unaotajwa sana kwa watu wa kipato cha kawaida kumiliki nyumba ulianza kama mtaa wa kupangisha? Oktoba 1947 familia za kwanza zilihamia Levittown, kwenye mashamba yaliyokuwa ya viazi huko Long Island, mashariki ya jiji la New York. Wengi walikuwa askari waliorudi kutoka vitani na kubanana kwa wazazi wao au katika vyumba vya kukodi. Kampuni ya William Levitt iliwapangishia nyumba kwa dola 60 hivi kwa mwezi, na mpangaji alipewa nafasi ya kuinunua nyumba aliyomo baada ya mwaka. Mwaka 1949 kampuni ikaanza kuuza nyumba mpya kwa dola 7,990. Askari wa zamani hakutakiwa kianzio, kwa kuwa serikali ilidhamini mkopo wake, na marejesho yalikuwa dola 58 kwa mwezi. Linganisha dola hizo 58 na zile 60 za kupanga: kununua kulikuwa nafuu kuliko kupanga. Siku moja ya Machi mwaka huo iliandikwa mikataba 1,400, na baadhi ya watu walikuwa wamekaa foleni siku nne.

Mikataba ya awali ya kupanga, hata hivyo, ilikataza nyumba hizo kukaliwa na watu wasio weupe. Mmarekani mweusi aliyepigana vita vilevile, mwenye mshahara uleule na anayelipa kodi kila mwezi, aligeuzwa mlangoni. Nyumba zilipanda thamani mara nyingi katika miaka iliyofuata, na mali hiyo ikaipita familia yake. Kila anayeisifu Levittown anapaswa kulieleza na hili.

Je, wajua kwamba kinachomkwamisha mpangaji mara nyingi ni kianzio, wala si marejesho? Fedha ya kila mwezi anayo, ila inaishia kwa mwenye nyumba. Singapore iliutambua ukweli huu mapema. Mwaka 1964 serikali ilianza kuwauzia wananchi fleti zilizojengwa na bodi yake ya nyumba, lakini waliojitokeza mwanzoni walikuwa wachache, kwani asilimia 20 ya bei ilikuwa mzigo. Mwaka 1968 wafanyakazi waliruhusiwa kutumia akiba yao ya uzeeni kulipa kianzio hicho na marejesho pia. Maombi yakamiminika. Leo takriban kaya tisa katika kila kumi nchini humo zinaishi katika nyumba zao, ingawa hati ya fleti za bodi ni ya miaka 99.

Kenya imejaribu njia inayofanana na hiyo. Kanuni za mwaka 2020 zinamruhusu mwanachama wa mfuko wa pensheni kuchukua hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi, mradi fedha hiyo isizidi shilingi milioni 7. Haja ipo, tena kubwa. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban kaya tisa katika kumi jijini Nairobi zimepanga, ilhali mwishoni mwa 2023 mikopo ya nyumba katika mabenki ya nchi nzima ilikuwa kama 30,000 tu. Watu wote hao wa Nairobi wanalipa kodi, na wengi wamelipa miaka nenda miaka rudi.

Sasa mtazame mpangaji wa Dar es Salaam. Anatakiwa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka, kwa mkupuo, na juu yake malipo ya dalali, ambayo kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja. Mtu anayetimiza hayo mwaka baada ya mwaka bila kukopa kwa jirani ameshathibitisha kwamba anaweza kukusanya fedha nyingi kwa tarehe aliyopangiwa. Kwa maoni yangu huo ni ushahidi mzito kuliko barua nyingi za mwajiri, na inasikitisha kwamba risiti zake hubaki kwenye droo. Anayetafuta wanunuzi angeanza kwa kuziomba.

Wapo walioanza. Tangu Septemba 2021 Fannie Mae, taasisi kubwa ya Marekani inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, huangalia kumbukumbu za kodi iliyolipwa kwa wakati inapompima anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza. Uingereza, Skipton Building Society ilizindua mwezi Mei 2023 mkopo usiodai kianzio kabisa kwa mpangaji mwenye rekodi safi ya miezi 12 mfululizo. Sharti lake moja la wakati huo linakumbusha zile dola 58: marejesho ya mwezi hayakutakiwa kupita wastani wa kodi aliyolipa katika miezi sita iliyotangulia.

Je, wajua kwamba kuna nchi ambako mpangaji lazima aulizwe kwanza? Ujerumani, jengo la kupangisha likigawanywa kuwa fleti za kuuzwa moja moja, mpangaji aliyekuwamo ana miezi miwili ya kuamua kama atainunua yake kwa bei iliyokubaliwa na mnunuzi wa nje. Jijini Washington, Marekani, sheria ya 1980 iliwapa wapangaji haki ya kupewa ofa kabla jengo halijauzwa, nao huunda chama ili wanunue kwa pamoja. Sweden, thuluthi mbili ya wapangaji wakikubali, jengo linaweza kuwa mali ya ushirika wao. Na hapa jirani, Uganda ilipitisha mwaka 2001 sheria ya kumiliki fleti ndani ya jengo la pamoja, na waliokuwa wakiishi katika fleti za umma za Kampala, kama zile za Bugolobi, wakauziwa walimokuwa.

Fleti, kwa kweli, ina ugumu wake. Uingereza ilipowapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kununua mwaka 1980, punguzo lilianzia asilimia 33 na kuishia 50. Nyumba za chini zilichangamkiwa, fleti zikadoda, hadi mwaka 1986 punguzo la fleti likapandishwa kufikia asilimia 70. Mpangaji wa ghorofa ya tano huuliza maswali ambayo mwenye kiwanja haulizi: paa likivuja nani analipa, lifti ikikwama tunachanga vipi, jirani asipotoa mchango wa ulinzi tunamfanya nini?

Tanzania Bara ilipata mwaka 2008 sheria inayomwezesha mtu kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo, na wenye sehemu hizo huunda chama cha kusimamia ngazi, paa na uwanja. Kenya iliiandika upya sheria yake ya aina hiyo mwaka 2020. Wakala anayegonga mlango wa mpangaji akiwa na picha za jiko jipya tu atasikilizwa kwa adabu na kuagwa. Aje pia na hati ya fleti hiyo, katiba ya chama na hesabu za mfuko wa matengenezo wa mwaka uliopita.