Roho, Nafsi, Moyo na Mwili: Mtu Ni Yupi Katika Hayo?

Kila mwalimu wa wakatekumeni huulizwa swali moja, na wengi wetu hulipita upesi. Mwanafunzi amekwisha kufundishwa ya kuwa mtu ana mwili na roho, ya kuwa mwili hufa na roho haifi. Ndipo huuliza: "Basi, mwalimu, ikiwa mwili ni wangu, na roho nayo ni yangu, mimi mwenyewe ni nani?" Swali hili si la ubishi. Limetoka katika lugha yenyewe, kwani twasema "mwili wangu" na "roho yangu" kama tusemavyo "jembe langu" na "nyumba yangu", na mwenye mali hatumtaji. Hatutalimaliza hapa, maana wakubwa kuliko sisi wameshindana juu yake kwa zaidi ya miaka 2,300. Twataka kuonyesha tu ya kuwa sehemu kubwa ya taabu yetu darasani yatokana na maneno; na ya kuwa ile desturi ya kumfundisha mtu kama vitu viwili vilivyofungwa pamoja, kimoja cha thamani na kimoja duni, haikutoka kwa Musa wala kwa Paulo, wala haitoki katika lugha zetu. Imetoka Athene.

Tuanze na "roho". Asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno la Waarabu lenye maana ya upepo. Waebrania husema ruahi, Wayunani pneuma, na kila moja la maneno hayo lachukua upepo, pumzi na roho pamoja. Kiswahili hakikuuchukua upepo huo katika neno la kukopa, lakini kinao katika neno lake chenyewe cha Kibantu: "upepo" na "pepo" ni shina moja. Mtu aweza kujiuliza kwa nini watafsiri hawakulitwaa hilo. Jibu ni rahisi: pepo walikwisha kuwa na ngoma zao na waganga wao, na neno lililokwisha kupanda vichwani mwa watu haliwezi kuitwa kanisani bila fujo. Walitenda vema kuliacha.

Walakini roho haikukaa kama ilivyokuja. Ilipofika pwani iliteremka ikakaa kooni. Twasema "amemkaba roho", maana yake amemsonga koo. Twasema "mroho" na "uroho" kwa mtu asiyeshiba na tabia yake. Twasema "roho yangu yakitaka kitu hiki", na kitu chenyewe pengine ni kipande cha nyama. Mtu akifa "amekata roho". Akiwa na choyo "ana roho mbaya". Mwenye hofu "roho i juu". Mwalimu aliyezoea katekisimu peke yake hudhani hayo ni maneno ya mzaha ya watu wa mjini, yasiyohusu dini. Sivyo. Waebrania wanalo neno nefeshi, na wataalamu wa lugha ile huonyesha ya kuwa maana yake moja ya kale ni koo, tena pumzi ipitayo kooni, tena njaa na tamaa, tena uhai, tena mtu mwenyewe. Isaya 5:14 husema ya kuzimu kuwa imeipanua nefeshi yake, yaani koo, ipate kumeza. Na mwanzo wa Zaburi ya 69 ni kilio cha mtu ambaye maji yamemfikia nefeshi, yaani yamemfika shingoni, yu karibu kuzama.

Hapa ndipo penye fundo. Kwa kuzaliwa, nefeshi ni ndugu wa "nafsi" yetu, na ruahi ni ndugu wa "roho" yetu, maana Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja. Kwa kazi, yaani kwa jinsi watu wanavyoyatumia, nefeshi hukaa mahali pale pale pa "roho" ya Waswahili: kooni, katika njaa, katika pumzi ya mwisho. Mara nyingi watafsiri wamefuata kuzaliwa, wala hatuwalaumu. Lakini mwalimu asomaye "nafsi" katika Zaburi, naye hajui ya kuwa nyuma yake kuna koo lililokauka, huwaeleza wanafunzi jambo jembamba lisilo na damu, na mtunga Zaburi alikuwa akipiga kelele kama mtu anayezama.

Na "nafsi" yenyewe? Katika Kiswahili cha kila siku si kitu kilichomo ndani ya mtu. "Amekuja kwa nafsi yake" ni kusema amekuja mwenyewe. Waandishi wa sarufi walipotaka jina la mimi, wewe na yeye, walisema nafsi ya kwanza, nafsi ya pili na nafsi ya tatu, na kila mtoto wa shule ameelewa bila kufafanuliwa. Sasa tazama Mwanzo 2:7. Mwandishi hasemi ya kuwa mtu alipewa nefeshi. Asema mavumbi yalifinyangwa, pumzi ikapulizwa puani, na mtu akawa nefeshi. Hapana mtungi uliotiwa maji. Yule mkatekumeni wetu akiuliza "mimi ni nani?", Kiswahili chake kimekwisha kumpa neno.

"Moyo" hauna shida kubwa. Moyo wa Kiebrania hufikiri, hupanga na kukumbuka. Wetu vivyo hivyo, maana twasema moyoni, na kukariri bila kitabu ni kusoma kwa moyo. Ni Wazungu wa siku hizi waliouachia moyo mapenzi tu na kukipa kichwa mawazo yote. Asubuhi mwalimu hufundisha ya kuwa moyo ni bomba la kusukuma damu, na alasiri huwaambia watoto wale wale wampe Mungu mioyo yao. Hatujamwona mtoto aliyechanganyikiwa kwa hayo.

Tuje sasa Athene. Plato, katika kitabu chake kiitwacho Phaedo, asimulia siku Socrates alipokunywa sumu kwa hukumu ya mji, mwaka 399 kabla ya Kristo. Saa ilipokaribia, rafiki yake Crito alimwuliza wamzike namna gani. Socrates alicheka, akajibu ya kuwa wamzike wapendavyo, maadamu wataweza kumkamata asiwaponyoke. Kisha akamwonya Crito asiseme anamzika Socrates, bali aseme anauzika mwili wake tu. Sasa sikilizeni watu wetu watokapo makaburini. Husema, "Tumemzika mama." Ile -m- ya katikati ni ya mtu. Magazeti huandika ya kuwa mwili wa marehemu umewasili, nao umelazwa kanisani. Lakini udongo uanzapo kuanguka kila mtu huirudia -m-. Lugha yetu iko upande wa Crito, aliyekuwa akilia.

Hatumdharau Plato. Alitaka kuonyesha ya kuwa kuna jambo lililo bora kuliko kuishi tu, na Socrates alikufa kwa ajili ya jambo hilo pasipo kutetemeka. Lakini alilipa gharama kubwa: mwili ukawa gereza, na kifo kikawa kufunguliwa mlango. Mafundisho hayo yameingia katika mahubiri yetu bila kubisha hodi. Tumesikia mjane akiambiwa kando ya kaburi asilie, kwa maana lile lililomo sandukuni ni ganda tu. Aliyesema alidhani ananena Injili. Na mjane yule, aliyeuosha mwili ule na kuulisha kwa kijiko muda wa miezi, alijua ya kuwa hakuwa akiuguza ganda.

Mwanafunzi wa Plato mwenyewe, Aristotle (384–322 kabla ya Kristo), hakukubali. Alisema kuuliza kama roho na mwili ni kitu kimoja ni kama kuuliza kama nta na umbo lililopigwa juu yake ni kitu kimoja. Tena alisema, kama jicho lingekuwa mnyama, roho yake ingekuwa kule kuona. Jicho la mfu huitwa jicho kwa jina tu, kama jicho la sanamu. Katika karne ya 9 kitabu chake juu ya roho kilifasiriwa kwa Kiarabu, na neno la Kiyunani psuke likatafsiriwa nafs. Ibn Sina (980–1037) alilitumia neno hilo hilo alipowaza juu ya mtu aliyeumbwa ghafula akielea hewani, asiyeona, asiyesikia, wala viungo vyake havigusani; akasema hata huyo angejua ya kuwa yupo. Hatusemi ya kuwa mabaharia walituletea "nafsi" kutoka kwa wanafalsafa, maana Kiarabu cha sokoni nacho hulitumia neno hilo kwa maana ya mwenyewe. Lakini si neno changa.

Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, aliwasoma hao wote. Alishika ya kuwa roho yaweza kudumu baada ya kifo. Lakini alipofafanua 1 Wakorintho 15 alisema waziwazi ya kuwa roho yake si yeye, na ya kuwa ikiokoka roho peke yake, yeye hajaokoka. Ndiyo sababu katika Imani ya Mitume twaungama ufufuo wa mwili. Kama mtu angekuwa roho tu, ungamo hilo lingekuwa la bure.

Miaka mia nne hivi baadaye Descartes, Mfaransa, alirudi upande wa Plato kwa njia mpya. Katika kitabu chake cha mwaka 1641 aliigawa dunia mara mbili: vitu vyenye kufikiri, visivyo na urefu wala upana, na vitu vyenye urefu na upana, visivyofikiri. Mwaka 1643 Elisabeth, binti wa mfalme wa Bohemia aliyekuwa ameondolewa katika ufalme, alimwuliza kwa barua ni vipi kitu kisicho na ukubwa kiweze kuusukuma mkono. Jibu alilopewa halikumtosha bibi yule, naye akaandika tena. Mkatekumeni wetu akiuliza, ajue ana mwenzake.

Katika Afrika swali hili lilipata kitabu mwaka 1945, Placide Tempels, mmisionari Mfransisko wa Katanga, alipotoa maandishi yake juu ya falsafa ya Wabantu, akisema ya kuwa kwao kuwako ni nguvu. Mwaka 1956 Alexis Kagame, padre wa Rwanda, alilichukua jambo hilo kwa njia tuipendayo zaidi, maana alianza na sarufi: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu, yaani mtu, kitu, mahali, namna. Yatupasa kujihadhari kidogo, kwa kuwa sarufi si ungamo la imani. Hata watu wenye elimu ya nyota husema jua limekuchwa. Lakini ziko ngeli zinazosema jambo. "Kipofu", "kiziwi", "kilema", "kichaa": kiambishi ki- chawaweka pamoja na viti na vikapu. Lakini twasema "kichaa huyu amekuja", wala hatusemi "kichaa hiki kimekuja". Jina limemshusha, upatanisho umemrudishia heshima yake. Twalisema hili kwa sababu wako watu katika sharika zetu walioumizwa ubongo, na wazee wasiowatambua tena watoto wao. Mwaka 1848 huko Marekani Phineas Gage, msimamizi wa kazi ya reli, alipigwa na chuma kilichopenya fuvu la kichwa. Alipona, akaishi hata mwaka 1860, ila rafiki zake walisema si Gage tena. Kwa mwalimu aliyefundisha ya kuwa mtu ni akili yake, habari hiyo ni mwisho wa mtu. Kiswahili husema akili imempotea, wala hakisemi amepotea.

Limebaki neno moja, nalo ndilo liwasumbualo wanafunzi kuliko yote: "mwili". Paulo anayo maneno mawili ya Kiyunani, sarksi na soma (hili la pili halihusiani na kusoma kwetu). Soma ni mwili huu wenye mikono na miguu, nao katika 1 Wakorintho 6 aufananisha na hekalu. Sarksi ni nyama kwa asili yake, lakini mara nyingi Paulo alitumia kwa mtu mzima aliyemgeuzia Mungu kisogo. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 huyaita yote mawili "mwili", maana "nyama" lingetupeleka buchani. Basi mwanafunzi husoma Wagalatia 5 akaona mwili ni adui, afungua Wakorintho akaona mwili ni hekalu, naye huchagua lile la kwanza, kwa kuwa ndilo husikia likihubiriwa kwa sauti kubwa zaidi. Toka hapo huja vijana wadhanio ya kuwa kumwuguza mgonjwa ni kazi ya chini kuliko kumwombea.

Hatuombi tafsiri ibadilishwe kwa ajili yetu. Dawa yaweza kutolewa ubaoni. Mwalimu na aandike matendo yale yaliyohesabiwa katika Wagalatia 5:19–21, nayo ni 15. Kisha apige mstari katikati ya ubao, na darasa ligawe: upande huu yale yasiyoweza kutendwa pasipo viungo, kama ulevi na ulafi, upande huu yale ambayo hata yule mtu wa Ibn Sina, aeleaye hewani pasipo kugusa kitu, angeweza kuyaanza, kama wivu, uadui na husuda. Upande wa pili utajaa zaidi. Wanafunzi wenyewe watauliza ni mwili gani huo unaoona wivu, na hapo awaambie habari ya sarksi na soma, kisha wafungue 1 Wakorintho 6 na kusoma aya ya 19.