Fahamu: Ndege ya India, usajili wa Uturuki

Ukiwa unasubiri kupanda ndege, tazama maandishi madogo karibu na mkia. 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, VT ni India. Sasa abiria wa IndiGo, shirika la India, waliosafiri Delhi kwenda Istanbul walikuta TC, yaani Uturuki.

Mwaka 2023 IndiGo ilikodi Boeing 777 za Turkish Airlines pamoja na marubani wake. Katika ukodishaji wa namna hiyo, tiketi anauza aliyekodi. Urushaji na matengenezo hubaki kwa mwenye ndege. Ni njia ghali, ila haisubirishi mtu kufundisha marubani wala kuhamisha usajili. Na usajili si jambo dogo: kwa Mkataba wa Chicago wa 1944, ndege ina uraia wa nchi iliyoisajili, na haiwezi kuwa na uraia wa nchi mbili.

Hapo ndipo siasa hupenya. Mei 2025, Uturuki ilipoiunga mkono Pakistan katika mapigano yake na India, mamlaka ya anga ya India iliipa IndiGo miezi 3 kuachana na ndege hizo. Miezi ikaisha, muda ukaongezwa. Ndege kubwa haziuzwi kama nyanya.